Kabla hujamgeukia mwenzi wako: namna ya kupima madau na kutoelewana kwenye bridge

Kwenye bridge, mchezo wa karata wa jozi mbili zinazoshindana, mchezaji ana maneno 38 tu ya kusemeshana na mwenzake mnadani, kabla karata hazijaanza kuchezwa: madau 35, kuanzia 1♣ hadi 7BT, halafu pasi, dabo (kuzidisha alama za dau la wapinzani) na ridabo (kuzidisha tena). Kwa maneno hayo anatakiwa aeleze karata 13 alizoshika, na mikono inayoweza kumwangukia mtu mmoja ni 635,013,559,600. Ukizitazama namba hizo mbili pamoja, hutashangaa kwamba watu wawili makini, wanaoheshimiana, hujikuta kwenye mkataba, yaani dau la mwisho la mnada, wa 6♦ wakati uru walizonazo wote wawili hazifiki sita.

Kinachoniuma mimi ni kile kinachofuata. Karata zikishakusanywa, mtu anatazama alama, anaona ni mbaya, anamgeukia mwenzake: "Kwa nini ulipanda?" Mwenzake naye anajitetea kwa kutaja dau lingine la nyuma. Dakika mbili baadaye hakuna anayekumbuka karata zenyewe, kimebaki kinyongo. Nimeona jozi za miaka mingi zikiachana kwa sababu hiyo, na kila mara waliachana bila kujua tatizo lao lilikuwa nini hasa.

Mimi nacheza na mzee mmoja, mhasibu mstaafu, ambaye namwita Kaka. Tuna daftari la kaunta la kwire nne ambalo tunaandika mikono iliyotusumbua, na tumejiwekea utaratibu wa kuipima. Utaratibu huo una miguu miwili tu. Dau hupimwa kwa kile ambacho mtoa dau alikijua wakati ule, kabla dami (mwenzi wa anayecheza mkataba, ambaye mkono wake huwekwa wazi mezani) hajalaza karata. Na kutoelewana huchunguzwa kuanzia dau la kwanza lililobeba maana mbili, hata kama hasara ilikuja kwa dau la mwisho.

Nitatumia alama za kawaida: ♠ shupaza, ♥ kopa, ♦ uru, ♣ pau, na BT kwa mkataba wa bila turufu. Tarakimu ya dau ni mizunguko unayoahidi kushinda juu ya sita: 4♥ ni mizunguko 10. Pointi ni zile za siku zote: A 4, K 3, Q 2, J 1. Nikisema "hatarini" namaanisha upande ambao bonasi zake na adhabu zake zimepandishwa kwa mgawo huo wa karata.

Kwanza funika matokeo

Ukitaka kupima dau kwa haki, andika mambo manne na usiandike la tano: mkono wako, mnada hadi ilipofika zamu yako, nani alikuwa hatarini, na aina ya mashindano. La tano, yaani kilichotokea baadaye, lifunike kwa kiganja. Wengi huona ni rahisi mpaka wajaribu. Akili ikishaona K ya shupaza imekaa upande mbaya, inaanza kukuambia kwamba ulipaswa kuhisi.

Mfano wetu wenyewe. Timu kwa timu, yaani karata zilezile zinachezwa kwenye meza mbili na matokeo yanalinganishwa; tuko hatarini. Nimeshika

♠ A Q 4  ♥ A K 8 5 3  ♦ 7 4  ♣ A 6 2

Pointi 17. Wengi wangefungua 1BT hapa na siwalaumu. Sisi tumekubaliana kopa au shupaza tano tunazitaja kwanza. Nikafungua 1♥, Kaka akasema 2♥, maana yake kopa tatu au zaidi na pointi 6 hadi 9. Nikasema 4♥. Kaka akalaza

♠ 9 5  ♥ 7 6 2  ♦ A 8 6 4  ♣ K 7 5 3

Nitapoteza uru moja na pau moja. Kopa tano ziko kwa wapinzani. Zikigawanyika 3-2 napoteza moja. Kwenye shupaza nacheza kutoka kwa dami kuelekea A Q yangu, naweka Q, nikitumaini K iko kwa mpinzani wa kulia. Ikiwa iko huko, shupaza ya tatu naikata kwa turufu ya dami na gemu (mkataba wenye bonasi kubwa) imetimia. Kopa ziligawanyika vizuri. K ya shupaza ilikuwa kushoto. Mizunguko 9, tumeanguka kwa mmoja. Kwenye meza nyingine walisimama 3♥ wakapata 140. Sisi tukapoteza 100. Tofauti 240, ambayo kwenye IMP, kipimo cha kulinganisha timu, ni 6 zilizokwenda.

Je, 4♥ lilikuwa dau baya? Jibu liko kwenye hesabu, na kila mchezaji anapaswa kuijua hesabu hii kichwani.

Gemu ya kopa ikitimia ukiwa hatarini inaleta 620. Aliyesimama chini akala mizunguko ileile 10 anapata 170. Tofauti 450, sawa na IMP 10. Ikianguka kwa mmoja, tumeshaona: IMP 6. Kwa hiyo unaweka 6 mezani ili upate 10. Gawanya 6 kwa 16, unapata asilimia 37.5. Gemu yoyote yenye uwezekano unaozidi hapo, ukiwa hatarini kwenye mashindano ya timu, itaje. Usipokuwa hatarini faida ni 420 dhidi ya 170, IMP 6, na hasara ni 50 pamoja na 140 uliyoikosa, IMP 5. Mstari unapanda hadi karibu asilimia 45. Kwenye mashindano ya jozi, ambako kila meza hulinganishwa na nyingine bila kujali ukubwa wa tofauti, mstari uko kwenye 50. Slemu ndogo, mkataba wa mizunguko 12, nayo ni 50 popote. Slemu kubwa, ya mizunguko yote 13, ni jambo jingine: ukiwa hatarini, kupanda kutoka 6♠ hadi 7♠ kunakupa IMP 13 ikitimia na kunakunyang'anya 17 ikianguka, basi usiende bila uwezekano wa 57 hivi.

Sasa rudi kwenye mkono wangu. Kopa tano kugawanyika 3-2 ni asilimia 68. K kuwa upande ninaoutaka ni 50. Vyote viwili kwa pamoja ni 34. Juu yake ongeza nafasi ndogo ndogo: mpinzani wa kushoto anaweza kuanza na shupaza na kunipa mzunguko wa bure, pau zinaweza kukaa 3-3. Mkataba wenyewe uko pale pale mpakani. Lakini hata hiyo siyo hukumu ya dau, kwa sababu niliposema 4♥ sikuwa nauona mkono wa Kaka. Angeweza kuwa na ♠K na ♥Q, gemu ikawa tamu. Angeweza kuwa na ♦Q J ambazo mbele ya ♦7 4 yangu hazina kazi. Pointi 17 zenye ree (A) tatu, mbele ya mkono wa 6 hadi 9 wenye kopa tatu, ni za kutaja gemu ukiwa hatarini. Kwenye daftari letu karata hiyo imeandikwa: dau sawa, matokeo mabaya. Ikafungwa.

Kinyume chake ni kigumu zaidi kukikubali. Mwaka 1975, kwenye fainali ya Bermuda Bowl, ambalo ni kombe la dunia la timu, Italia ilikuwa ikipambana na Amerika ya Kaskazini. Zikiwa zimebaki karata chache kumaliza, Giorgio Belladonna na Benito Garozzo walifika 7♣ wakati K ya turufu iko kwa wapinzani. Alikuwa nayo Eddie Kantar, ikiwa na 10 pembeni yake, karata mbili tu. Belladonna akaweka Q, ikapita. Akacheza A, K ikaanguka. Italia ikabeba kombe kwa tofauti ya IMP 26. Kama K ile ingekaa mahali pengine, kombe lingekwenda upande wa pili. Slemu ile ilihitaji K iwe upande mmoja tu na iwe na mwenzake mmoja tu. Uwezekano wa jambo hilo uko mbali sana na 57. Kombe walilistahili kwa mengi mengine waliyoyafanya, Belladonna aliicheza kwa utulivu wa ajabu, na dau lenyewe bado halikuwa zuri. Ukiweza kuyasema hayo yote matatu bila kusitasita, uko tayari kupima madau yako mwenyewe.

Waulize watu bila kuwaambia kitu

Hesabu haitoshi kwa kila mkono. Mingine haihesabiki, hasa pale wapinzani wanapoingilia kati. Hapo njia bora ninayoijua ni kuwauliza wachezaji watatu au wanne wa kiwango chako au juu kidogo. Lakini kuuliza nako kuna adabu yake.

Toa mkono mmoja tu, wako au wa mwenzio. Toa mnada na hali ya hatari. Nyamaza. Usiseme "unaonaje 3♠ hapa?", kwa kuwa umeshamwelekeza. Usiseme "mwenzangu alipasi, huwezi kuamini!", kwa kuwa umeshamwambia nani mshitakiwa. Sema: "Unasemaje?" na usubiri. Halafu uliza swali la pili, ambalo wengi hulisahau: "Lipi lingine uliloliwaza?" Mtu akijibu papo hapo na hana la pili, dau hilo ni la lazima. Watatu wakitoa majibu matatu tofauti, basi mkono huo ni wa hiari, na yeyote anayemlaumu mwenzake kwa kuchagua moja kati ya hayo anafanya dhuluma.

Ikiwa huna wa kuwauliza, gawa karata. Chukua pakiti, toa karata zako 13 uziweke wazi, changanya zilizobaki na umgawie mwenzi wako na wapinzani. Mkono wa mwenzi usiolingana na alichosema mnadani uutupe, ugawe tena. Ukipata mikono kumi inayolingana, tazama kila mmoja: dau lako lingefika wapi? Ni kazi ya jioni moja, na inafundisha kuliko kubishana mwezi mzima. Mimi na Kaka hufanya hivyo mvua ikinyesha.

Sasa tuje kwenye kutoelewana

Karata hii niliombwa niiamue. Wachezaji ni shangazi na mpwa wake, jozi nzuri sana, walikuja wamenuna. Hakuna aliyekuwa hatarini. Mpinzani alifungua 1♥. Shangazi akasema dabo, ya kuomba mwenzake ataje suti. Mpinzani wa pili akapandisha 2♥. Kijana akasema dabo. Pasi, na shangazi naye pasi, pasi. 2♥ iliyotiwa dabo ikatimia: 470 kwa wapinzani, kwa sababu dabo iligeuza mkataba mdogo kuwa gemu. Kwenye meza nyingine, wa timu pinzani walioshika karata zilezile za shangazi na kijana walipata 110 kwa 3♣. Jumla 580, IMP 11.

Kijana alikuwa na

♠ 8 3  ♥ 6 4  ♦ K J 9 5  ♣ K 10 8 7 4

Shangazi alikuwa na

♠ A J 7 4  ♥ 9 5  ♦ A 8 6  ♣ Q J 5 2

"Shangazi, dabo yangu ilikuwa ya kuomba. Nilikuwa na uru na pau, nikataka uchague."

"Mwanangu, mimi niliona una pointi kumi na unataka kuwapiga. Ungetaka pau si ungesema pau?"

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hapo ndipo pa kuanzia. Tembea na mnada dau kwa dau, na kwenye kila dau muulize kila mmoja kwa faragha: hili lina maana gani kwenu? Dabo ya kwanza, jibu moja. 2♥, jibu moja. Dabo ya pili, majibu mawili. Simama hapo. Pasi ya shangazi ndiyo iliyoleta 470, lakini njia ziligawanyika kabla yake, kwenye dabo ya kijana. Ukiona watu wanabishana juu ya dau la mwisho, rudi nyuma hatua moja au mbili. Mara nyingi utakuta chanzo kimekaa kimya huko.

Baada ya kupata mahali, uliza ni kosa la aina gani. Kuna mambo matatu tofauti ambayo watu huyaita kwa jina moja. La kwanza: jozi haikuwahi kukubaliana maana ya dau hilo. La pili: walikubaliana, mmoja akasahau. La tatu: walikubaliana, wote wanakumbuka, lakini mmoja alipima vibaya mkono wake. Dawa zake hazifanani hata kidogo. La kwanza linahitaji kikao. La pili linahitaji kurudia, au kulifuta kabisa kubaliano hilo kama mara mbili tatu limesahaulika, maana kubaliano zuri lisilokumbukwa ni bomu. La tatu linahitaji ile kazi ya kufunika matokeo niliyoieleza juu. Ukimpa aliyesahau mhadhara wa kupima mkono, utamchosha na atasahau tena.

Hii ya shangazi na mpwa ilikuwa ya aina ya kwanza. Hawakuwahi kuzungumza kuhusu dabo baada ya wapinzani kupandishana. Kwa hiyo nusu ya lawama niliiweka kwa jozi, si kwa mtu. Nusu iliyobaki niliigawa, sehemu kubwa kwa kijana. Anayetumia neno ambalo hawajakubaliana, huku analo mkononi neno lililo wazi, ndiye anayebeba mzigo. Alikuwa na pau tano na angesema 3♣. Hakuna mtu duniani angeielewa vibaya.

Shangazi naye ana kipande chake, kidogo, na ndicho chenye somo kubwa zaidi kwa sababu ni cha hesabu. Mpinzani aliyefungua 1♥ aliahidi kopa tano. Aliyepandisha aliahidi tatu. Shangazi mwenyewe anaziona mbili. Tano, tatu na mbili ni kumi. Zimebaki tatu, na hizo ndizo nyingi kabisa ambazo kijana anaweza kuwa nazo. Mtu mwenye kopa tatu, zilizopangwa mbele ya mwenye tano, anawapigaje wapinzani kwenye 2♥? Idadi ya turufu ndiyo inayoonyesha maana ya dabo hata pale ambapo makubaliano hayapo. Wapinzani wakishakuwa na nane au tisa zao, dabo ya chini ni ya kuomba. Wapinzani wakiwa wamejikwaa kwenye suti ambayo hawajaungana, hapo adhabu inaingia akilini.

Tena kuna la gharama. Tuseme shangazi bado ana shaka, nusu kwa nusu. Akipasi na kumbe dabo ilikuwa ya kuomba, anapoteza 470. Akisema 3♣ na kumbe ilikuwa ya adhabu, amekosa 100 kama wangeanguka mmoja, au 300 kama wangeanguka wawili, na huenda mkataba wake mwenyewe ukafidia kiasi. Unapokuwa gizani, chagua kosa la bei nafuu. Hili linafanya kazi kila mahali: kama hujui dau la mwenzio linakulazimisha kuendelea au la, endelea, kwa kuwa kuachwa kwenye mkataba wa kijinga ni ghali kuliko kupanda ngazi moja.

Madau yanayovunja jozi

Kuna mahali ambapo hata wachezaji wa miaka ishirini huanguka, na ni palepale kila siku. Kaeni mjibu haya kabla ya mashindano yajayo:

Mwenzi kafungua 1BT nawe unasema 4BT papo hapo. Kwa wengi haiulizi ree, inamwalika mwenzi aende slemu akiwa na pointi za juu. Sawa. Je, baada ya 1BT, 2♣ ya kuuliza, 2♥ ya jibu, 4BT ina maana gani? Hapa jozi nyingi hunyamaza. Chagueni.

Mwenzi kafungua 1♣, mpinzani kaingia 1♥, wewe unaruka 3♣. Dhaifu yenye pau nyingi, au mwaliko wa gemu?

Mpinzani kafungua 4♠ na mwenzi kasema dabo. Unatoka au unakaa?

Mpinzani kaingilia 1BT yenu kwa dau la suti. Je, zile 2♦ na 2♥ zenu za kuhamisha suti bado zipo, au zimekufa? Hili nalipigia mstari. Nimeliona likigharimu jozi nyingi kuliko mengine yote niliyoyataja.

Siwaambii jibu lipi mshike. Jibu lolote mnalolikumbuka wote wawili linalishinda jibu bora analolijua mmoja.

Mkielewana vibaya hapo hapo mezani

Hapa suala si ujuzi tena, ni uaminifu, na wengi hawajui wajibu wao. Tuseme mwenzi wako kafungua 1BT, wewe ukasema 2♦ ukikusudia uru, ukiwa umesahau kwamba mlikubaliana inahamia kopa. Mwenzi anawatangazia wapinzani: "Kopa." Umeshaamka. Lakini kisheria hukusikia. Sheria ya 16 ya bridge ya mashindano inakukataza kuitumia taarifa hiyo. Mwenzi akisema 2♥, unatakiwa uendelee kana kwamba alikuelewa na kwamba kopa ni zake mwenyewe, ameamua kukuonyesha. Kukimbilia 3♦ kwa sababu tu maelezo yake yamekuamsha ni kosa, hata kama hakuna aliyekuona.

Je, mwenzi akieleza vibaya kubaliano lenu, wewe ukiwa ndiye uliyekumbuka? Usimsahihishe mnada ukiendelea, wala usikunje uso. Mkishinda mnada, mnada ukiisha na kabla ya karata ya kwanza kuchezwa, mwite mwamuzi, kisha waeleze wapinzani maana sahihi. Mkiwa upande wa kuzuia, subiri hadi karata zote zichezwe, ndipo umwite mwamuzi na kusema. Tofauti ya muda ina sababu: ukisema mapema ukiwa mzuiaji, unamsahihisha mwenzi wako huku mchezo unaendelea.

Na kumbuka kwamba mwamuzi asipopata ushahidi mwingine, sheria zinamwambia achukulie kuwa maelezo ndiyo yaliyokosewa. Dau la kukosea peke yake halina adhabu. Maelezo yasiyo sahihi yanaweza kuwafanya wapinzani warekebishiwe alama. Ndiyo maana kadi ya makubaliano iliyojazwa vizuri ni kinga yenu. Nimeona jozi ikiokolewa na mstari mmoja wa kalamu kwenye kadi.

Kwenye mtandao, mfano Bridge Base Online, unaeleza dau lako mwenyewe kwa wapinzani na mwenzi haoni. Tatizo la kuamshwa halipo, na zaidi ya hapo mikono yote inahifadhiwa. Pitieni mnada pamoja baadaye, kila mmoja akiwa ameandika kwanza maana ya kila dau kabla ya kuona alichoandika mwenzake. Karatasi mbili zikiwekwa kando kwa kando, mahali pa mgawanyiko panajionyesha penyewe.

Lini na vipi kuzungumza

Mezani, mwenzi akilaza dami, sema "Asante, mwenzangu," na usiongeze kitu. Baada ya karata, kama kuna jambo, andika namba ya karata hiyo kwenye pembe ya kadi yako. Mimi na Kaka tumekubaliana kwamba hatuzungumzi karata yoyote kabla ya kula. Si kwa ajili ya adabu tu. Karata inayofuata mezani inahitaji akili nzima, na anayejitetea moyoni kwa ajili ya karata namba saba ataiharibu namba nane.

Mkikaa, anaanza yule ambaye dau lake linachunguzwa, na anaeleza alichokiona. Mwingine anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anarudia kwa maneno yake alichosikia. Inaonekana kama mambo ya shule, na kwa wiki za mwanzo Kaka aliona hivyo pia, mpaka siku aliporudia maelezo yangu na sote tukagundua kwamba kwa muda wote ule 2BT baada ya mpinzani kupandisha tulikuwa tunaielewa tofauti, ila hatukuwahi kupata mkono wa kutuumbua.

Msimalize kikao kwa "tutakuwa makini". Malizeni kwa kuandika. Kubaliano jipya liwe sentensi moja, lifuatwe na mnada wa mfano, mkono mmoja unaofaa na mmoja usiofaa. Huo usiofaa ndio unaofanya kazi kubwa, kwa kuwa unaonyesha mpaka uko wapi. Shangazi na mpwa wake waliandika lao palepale, kwa mwandiko wa shangazi: "Wao 1♥, sisi dabo, wao 2♥ au 3♥: dabo ni ya kuomba, suti mbili ndogo, pointi 7 na zaidi. Inafaa: ♠ 8 3 ♥ 6 4 ♦ K J 9 5 ♣ K 10 8 7 4. Haifai: ♠ K 8 6 3 ♥ 6 4 ♦ K J 9 ♣ 10 8 7 4, hapa taja shupaza. Dabo ya adhabu inaanza 4♥."